Mashuka Yasiyorudisha Jasho: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vitambaa vya Asili kwa Nyumba ya Mombasa

Mwaka tuliomwoza kaka yangu mke nilinunua seti mbili za mashuka kwa ajili ya wageni. Pakiti ilichorwa ua la pamba limechanua, na mwenye duka aliapa ni pamba tupu. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limeshika. Mama mdogo aliyetoka Lamu tulimlaza chumba cha mbele, chini ya pangaboi. Saa tisa usiku nilimkuta barazani, amejinyoosha juu ya mkeka, amejifunika leso yake kuukuu. Asubuhi, tulipomaliza mahamri na mbaazi, aliniita kando asije akanifedhehesha mbele ya watu.

"Mwanangu, shuka lako hili linanitoa jasho kisha linanirudishia mwenyewe."

Akachomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuusogeza kwenye njiti ya kiberiti. Uzi haukuwaka kama karatasi. Ulijikunja ukaukimbia moto, kama konokono akiguswa pembe, kisha ukadondosha tone jeusi kwenye sahani. Tone likaganda. Alilibonyeza kwa ukucha, likawa gumu kama shanga. "Plastiki hii," akasema, akaendelea na chai yake.

Tangu siku hiyo sinunui kitambaa cha kulalia kwa kusoma pakiti. Hivi ndivyo ninavyonunua.

Hatua ya 1: Anza na chumba, duka baadaye

Kitambaa kinachosifiwa Nairobi au Ulaya huenda kisikufae Mombasa. Huku Februari na Machi hata usiku joto mara nyingi halishuki chini ya nyuzi 24, na hewa ina unyevu mwingi. Mwili hujipoza jasho linapokauka. Hewa ikiwa tayari imejaa maji, jasho hukauka polepole, kwa hiyo shuka lina kazi ya kulinyonya kutoka ngozini na kulitandaza ili upepo wa feni ulichukue.

Tofauti ya vitambaa kwa kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maabara hupima kila uzi unashika maji kiasi gani katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 na joto la nyuzi 20. Poliesta hushika takriban asilimia 0.4 ya uzito wake. Pamba hushika karibu 8.5, kitani 12, viskosi 13. Hapo ndipo siri ya mama mdogo ilipo: jasho halikuwa na pa kwenda.

Masika yakiingia, shida inageuka. Kuanzia Aprili hadi Juni kitambaa kizito kinaweza kukaa kambani siku mbili kikiwa bado na ubaridi, na ukikikunja hivyo, wiki ijayo utakuta vidoa vyeusi vya ukungu. Kwa hiyo sisi tunatafuta kitambaa cha asili *na* chepesi. Shuka zito la pamba ni la asili, lakini Mei litakutesa.

Kabla hujatoka nyumbani, jibu maswali haya. Chumba kina feni au eisii? Nani anafua, mashine au mikono? Maji unayofulia ni matamu au ni ya kisima, yenye chumvi? Anayelala hapo ni mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye pumu? Majibu haya yatakuokolea pesa kuliko punguzo lolote la bei.

Hatua ya 2: Zijue nyuzi kwa majina yake

*Pamba.* Kwa nyumba nyingi za hapa, safari huanza na kuishia hapa. Inanyonya jasho, inavumilia kusuguliwa, na ikilowa huwa na nguvu zaidi, ndiyo maana haichaniki inapokamuliwa. Wazee wetu waliijua kwa aina zake: bafta nyeupe na nyembamba, doria ya mistari, kaniki, na amerikani, ile nguo ya rangi ya maziwa isiyopaushwa ambayo karne ya 19 ililetwa pwani hii na wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa Salem, jina likabaki. Amerikani bado ni kitambaa cha maana sana nyumbani, nitakirudia kwenye mito. Bafta nyeupe isiyo na ua wala mshono, nakutahadharisha, usimtandikie mzee bila kumuuliza. Bibi yangu aliiondoa kitandani siku hiyo hiyo. Alisema sanda yake itamfika kwa wakati wake, hana haja ya kuijaribu.

Utasikia sifa za pamba ya Misri. Sifa ya kweli ni urefu wa nyuzi: nyuzi ndefu husokotwa uzi laini usiotoa vinyweleo. Lakini jina ni rahisi kubandika. Mwaka 2016 duka moja kubwa la Marekani lilivunja biashara na kiwanda kilicholiuzia mashuka na foronya zipatazo 750,000 kwa jina la pamba ya Misri huku zimetengenezwa kwa pamba nyingine. Ikiwa wao na mawakili wao walidanganywa, wewe na mimi tusilipie jina.

*Kitani.* Hutokana na shina la mmea unaolimwa zaidi ukanda wa kaskazini mwa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Kwa joto letu sijaona kinachokishinda: kinanyonya haraka, kinakauka haraka, hakigandi mwilini. Kila ukifua kinalainika. Bei yake ni mara kadhaa ya pamba, na mikunjo yake haiishi hata upige pasi hadi magharibi. Mtu wa kupenda kitanda kilichonyooka kama meza asikinunue. Tena uwe macho: kitambaa kingi kinachoitwa "lineni" madukani ni poliesta iliyofumwa kwa nyuzi nene na nyembamba ili ifanane nacho.

*Usufi, makumbi na katani.* Hivi havifumwi shuka. Usufi ni wa mito na magodoro, makumbi ya nazi hutoa usumba wa kamba na kujazia magodoro, katani ni ya mazulia na vikapu.

*Hariri na sufu.* Sufu huku haina kazi. Hariri ni nzuri kwa foronya, haivuti nywele, ila ni ghali na haipendi kusuguliwa. Tena kwa Waislamu, hariri halisi ni haramu kwa wanaume kuvaa, na wanazuoni wengi wanahesabu hata kuilalia. Kama kitanda ni cha watu wawili, muulize sheikh wako kabla ya kulipa.

*Viskosi, reyoni na "mianzi".* Watu wengi hudanganywa hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mashuka ya mianzi huuzwa kama kitu cha asili kabisa. Mwanzi ni wa asili, sikatai, lakini huvunjwavunjwa, huyeyushwa kwa kemikali kali, moja yao ikiwa disalfaidi ya kaboni, kisha urojo ule hupitishwa kwenye vitundu ukawa uzi. Kinachotoka ni reyoni. Huko Marekani sheria inataka kiitwe hivyo, na mwaka 2022 maduka makubwa mawili yalikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 baada ya kushtakiwa kwa kuuza reyoni kwa jina la mianzi. Simaanishi ni kitambaa kibaya cha kulalia. Kinanyonya jasho na kina ubaridi mzuri. Ubaya wake ni kwamba kikilowa hudhoofika sana, na sisi wa kukamua kwa mikono, mmoja kashika ncha hii na mwingine ile, tutakichana ndani ya miezi michache.

*Teteroni na mikrofaiba.* Teteroni ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. Mikrofaiba ni poliesta iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba mno hata ikawa laini kama shavu la mtoto. Ndizo zinazojaza rafu nyingi. Hazikunjiki, zinakauka saa moja, bei yake ni ya watu. Hapohapo ndipo mama mdogo alipolala.

Hatua ya 3: Elewa neno "ogani" kabla ya kulilipia

Ogani, au ya kilimo hai, ni habari ya shambani: pamba iliyolimwa bila dawa za viwandani za wadudu, bila mbolea za kemikali, na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Kitambaa chake ukikishika hakina tofauti na pamba nyingine nzuri. Atakayekuambia "ihisi ulaini, ndiyo ogani" anakuuzia ulaini.

Faida kubwa iko kwa mkulima, ardhi yake na maji yake. Mabaki ya dawa za shambani kwenye kitambaa kilichokwisha kuoshwa na kupaushwa kiwandani ni machache. Kinachogusa ngozi yako zaidi ni vilivyoongezwa baadaye: rangi, vilainishi, na ile dawa ya kuzuia mikunjo ambayo mara nyingi ni resini yenye fomaldehidi, kemikali inayoweza kukera ngozi. Ndiyo maana shuka linalojisifu kwamba halihitaji pasi mimi hulirudisha kwenye rafu, hata kama ni pamba tupu.

Kwa hiyo alama zisome hivi. Alama ya GOTS hufuata kitambaa kutoka nyuzi hadi kushonwa, hubana kemikali za kiwandani na kukagua hali ya wafanyakazi. Ikiandikwa ogani, angalau asilimia 95 ya nyuzi lazima ziwe za kilimo hai, na daraja la pili, "imetengenezwa kwa ogani", ni angalau asilimia 70. Pembeni ya alama lazima pawe na jina la mkaguzi na nambari ya leseni, ambayo unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Bila nambari, ni mchoro tu. Alama ya OEKO-TEX Standard 100 ni jambo jingine: hupima kama kitambaa kilichokamilika kina kemikali za kudhuru. Poliesta pia inaweza kuipata. Kwa mtoto tafuta daraja la 1, lililowekwa kwa watoto hadi miaka mitatu.

Kuna wanaoamini kwamba pamba ya Kenya ni ya asili tu kwa kuwa ni ya kwetu, wakitaja ya Lamu au ya Hola. Tangu Desemba 2019 serikali iliruhusu kulimwa pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba, na hiyo haiwezi kuitwa ogani hata ikilimwa nyuma ya nyumba yako. Majirani zetu Tanzania ndio wenye jina kwenye pamba ya kilimo hai, hasa upande wa Meatu. Sehemu kubwa huuzwa nje, kwa hiyo usitarajie kuikuta kwenye jora la Biashara Street, mtaa wetu wa maduka ya vitambaa.

Ushauri wangu kwa mwenye pesa ya kupima: ogani yenye nambari inunulie mtoto mchanga kwanza, kisha foronya, kwa kuwa uso hulala hapo kwa muda wa saa nane. Kwingine kote, pamba ya kawaida isiyo na madoido, ikifuliwa mara tatu kabla ya kutandikwa, inanitosha.

Hatua ya 4: Dukani, tumia mikono yako

Biashara Street nenda asubuhi. Mchana kuna joto, muuzaji amechoka na wewe pia, na kitambaa kinahitaji mwanga wa jua, si wa taa. Usianze kwa kuuliza bei. Omba jora lishushwe.

Soma kwanza ukingo wa jora au lebo ndogo iliyoshonwa, wala usijali maandishi makubwa ya pakiti. Pakiti ikisema "cotton feel" au "cotton touch", imekiri yenyewe kwamba si pamba. Inafanana nayo tu.

Kisha kifinye. Kunja ncha ya kitambaa kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, fungua. Pamba itabaki na makunyanzi. Poliesta itajinyoosha kama haikuguswa. Teteroni itakuwa katikati.

Kisugue juu ya kitambaa cheusi, hata buibui lako. Ukiona unga mweupe umedondoka, ni wanga wa kiwandani. Wanga hukipa kitambaa uzito na ugumu wa uongo, na ukifua mara mbili kinabaki wavu. Halafu kiinue juani: nyuzi ziwe zimekaa sawa, bila mabonge na bila mianya inayoachana unapovuta kidogo.

Jaribu tone la maji. Lowesha kidole, dondosha. Kwenye pamba isiyo na wanga tone huzama na kusambaa, kwenye poliesta mara nyingi hukaa juu au kuteleza. Tahadhari, kitambaa kipya chenye wanga kinaweza kulikataa tone hata kama ni pamba, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kisikuhukumie.

Rangi nayo ipime: leso nyeupe ya mkononi iliyolowa, isugue juu ya ua mara ishirini. Ikibeba rangi dukani, nyumbani itaipa foronya zako zote.

Mwisho ni moto. Omba kipande cha ukingo au nyuzi mbili tatu, ukachome nje ya duka au nyumbani, juu ya sahani ya udongo yenye maji, mbali na jora la mtu. Pamba na kitani huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu la kijivu linalopukutika ukilipuliza. Reyoni huwaka vivyo hivyo, kwa hiyo moto hauwezi kuitenga na pamba. Lowesha uzi, uuvute, na ukikatika kwa urahisi kuliko ulipokuwa mkavu, umeijua. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima zenyewe. Poliesta huyeyuka na kuacha ile shanga nyeusi. Teteroni ndiyo yenye hila: huwaka kama pamba, hunuka karatasi, unataka kufurahi, kisha unapogusa jivu unakuta punje ngumu ndani yake.

Muuzaji mwema hakasiriki ukimwomba uzi. Nimewahi kumwambia mmoja, "Bwana wangu, niruhusu niupeleke motoni," akacheka, akaukata mwenyewe. Mwingine aliniambia nikitaka kuchoma nguo niende jaani. Sikununua kwake, na sikuhitaji kiberiti kujua kwa nini.

Mitumba ya Kongowea usiidharau. Mashuka ya hoteli za nje yaliyofika huko mara nyingi ni pamba ya kufumwa kwa kubana, na dawa zote za kiwandani zimeshatoka kwa kufuliwa mara mia. Yainue juani uangalie katikati: pakionekana pembamba kuliko kando, shuka limekwisha kulaliwa umri wake. Ukifika nyumbani, yafue kwa maji ya moto kabla hayajaingia chumbani.

Hatua ya 5: Mfumo, na hesabu za uongo

Kila kitambaa cha kufuma kina mtande, nyuzi za urefu, na mshindio, nyuzi za kukatiza. Mfumo wa moja juu, moja chini hutoa kitambaa kikavu, kinachopitisha hewa, chenye sauti kidogo ukijigeuza. Ndio wa Mombasa. Mfumo wa satini, ambao uzi huruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, hutoa mng'ao na ulaini wa kuteleza, lakini hukumbatia mwili na hunaswa na kila ukucha. Wa harusi sawa, wa kila siku hapana.

Kuna namba ya nyuzi inayoandikwa kwa fahari: 600, 1000, 1500. Ni idadi ya nyuzi za mtande na mshindio katika inchi moja ya mraba. Uzi mmoja mmoja, ukishapita 400 hivi, nafasi inakuwa ngumu kupatikana. Zinazofika 1000 kwa kawaida zimehesabu kila kijiuzi kilichosokotwa ndani ya uzi mmoja. Kwa chumba cha feni mimi huchukua kati ya 180 na 300. Zaidi ya hapo unanunua joto.

Hatua ya 6: Pima, fua, ndipo ukate

Mashuka tayari ya 5 kwa 6 yanayouzwa madukani mengi yalikatwa kwa godoro jembamba. Godoro lako la inchi 8 likiyavaa, usiku pembe zinachomoka. Mimi hununua mita na kumpelekea fundi cherehani.

Chukua godoro la futi 5 kwa 6, yaani sentimita 152 kwa 183, lenye unene wa sentimita 20. Kila upande unahitaji 20 za kushuka na 15 za kuchomeka chini. Upana unakuwa 152 na 70, yaani 222. Urefu ni 183 na 70, yaani 253. Ongeza 10 za pindo la juu na chini, unapata 263. Pamba mpya inaweza kusinyaa asilimia 5, kwa hiyo kabla ya kufua urefu uwe kama mita 2.8, na jora liwe na upana wa sentimita 240 ili baada ya kusinyaa libaki 228. Foronya mbili za mito ya 50 kwa 70, zenye mfuniko wa ndani wa sentimita 20, zitakula mita 1.15 hivi zikilazwa kwa upana wa jora. Jumla ni mita nne. Zinunue zote siku moja, jora moja, maana rangi ya jora la wiki ijayo haitalingana.

Zifue mita zote kabla ya kumpa fundi. Nasisitiza kwa sababu nilishamkimbilia fundi na kitambaa kibichi, akakata vizuri kabisa, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza shuka likawa la mtoto.

Jora likiwa jembamba, usikubali mshono katikati ya kitanda. Mwambie fundi aweke kipande kizima katikati na agawe nyongeza pande mbili, mishono iangukie kando ya godoro.

Hatua ya 7: Vitu vingine vya nyumba

Mito. Mto wa usufi ni zawadi ya mti wetu wenyewe. Unyuzi wake una uwazi ndani na nta juu, hauvuti maji, zamani ulijaziwa hata maboya ya kuokolea watu baharini. Hewa hupita, kichwa hakiokwi kama kwenye sponji. Mfuko wa ndani uwe amerikani nzito iliyofumwa kwa kubana, la sivyo usufi utachungulia na kukukereketa pua. Mto wenyewe haufuliwi: uanike juani kila wiki mbili, upigepige, na kila baada ya mwaka ufungue uchambue mabonge. Uweke mbali na mishumaa na chetezo, kwani usufi hushika moto kwa haraka ya kutisha.

Taulo. Uzito wake hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na lile zito la 600 hukaa bichi siku nzima huku kwetu. Chukua 400 hadi 450. Au fanya kama wavuvi: kikoi cha pamba, ambacho kikishafuliwa mara tano sita kinakausha mwili na chenyewe kinakauka ndani ya saa moja.

Leso. Leso kuukuu ya pamba ndiyo nguo laini kuliko zote nyumbani, ndiyo maana watoto wetu hupokewa nayo. Siku hizi nyingine ni za poliesta tupu, kwa hiyo uzi na kiberiti vinahusika hapa pia.

Mapazia hayagusi ngozi, na jua la dirisha la magharibi hula pamba hadi ikachanika kama karatasi. Hapo sina ugomvi na poliesta. Chandarua vilevile: vyandarua vyenye dawa hutengenezwa kwa poliesta au polithini, na pwani malaria ipo. Usikibadilishe kwa ajili ya uasili.

Hatua ya 8: Kufua na kutunza

Kitambaa kipya kiloweke usiku mzima kwenye maji baridi, wanga utoke, kisha kifue peke yake. Wanaotia chumvi na siki ili rangi ishike wanajipa kazi. Rangi iliyotiwa vibaya kiwandani haishikwi jikoni.

Maji ya kisima ni mtihani. Sabuni haitoi povu, unaongeza sabuni, nayo inabaki kwenye nyuzi, na taulo linakuwa gamba. Fulia maji ya kisima ukilazimika, lakini suuza ya mwisho iwe maji matamu, hata ukinunua mtungi mmoja wa mkokoteni, na utie kikombe cha siki kwenye ndoo. Vilainishi vya chupa viache, hupaka nyuzi utando zikashindwa kunyonya. Jiki itumie kwa nadra na kwa nyeupe tu, hariri na sufu usiziguse nayo, na kamwe usiichanganye na siki: hutoa gesi ya klorini ambayo bafuni inaweza kukudhuru vibaya.

Mwenye pumu nyumbani, fua mashuka yake kwa maji ya joto la nyuzi 60 kila wiki. Utitiri wa vumbi, wadudu wale wasioonekana kwa macho, hupenda unyevu wetu kuliko sisi.

Anika asubuhi, anua kabla ya saa kumi. Jioni unyevu hurudi, na shuka lililokauka saa nane litakuwa limelegea tena magharibi. Usianike juu ya waya. Chumvi ya hewa huutia kutu na kutu huandika mstari katikati ya shuka jeupe. Ikitokea, ndimu na chumvi juu ya doa, kisha juani, rudia mara mbili tatu.

Kabatini acha nafasi, usishindilie. Masika fungua milango ya kabati mchana. Karafuu chache za Marikiti kwenye kifuko cha bafta hunukiza vizuri kuliko vidonge vya nondo. Ukifukiza udi, mashuka yawe makavu kabisa, moshi hushika vizuri zaidi. Asumini na mafuta ya kunukia yana tabia ya kuacha doa la kahawia kufikia asubuhi, kwa hiyo tandaza leso juu kwanza, hata kama ni usiku wa harusi.

Shuka la pamba likianza kupwaya katikati, mpelekee fundi alichane kwa urefu, aunganishe kando na kando ili zile sehemu nzima ziwe katikati. Linakupa miaka mingine miwili. Baada ya hapo linakuwa foronya, kisha nepi au kitambaa cha kufunikia mkate wa sinia, na mwisho tambara la jikoni. Lile la plastiki la harusi ya kaka nalo nililikata matambara. Nilimwaga maji sakafuni, nikapangusa, yakahama kutoka upande huu kwenda ule.